Kitovu na Pembe ya Kanga

Kitovu cha mjukuu wetu kilidondoka siku ya sita, na shangazi akakidaka kabla mzazi hajamaliza kukunja nepi. Akakifunga kwenye pembe ya kanga, mafundo mawili, akakiweka chini ya mto. Jioni tulichimba shimo kando ya mche wa mnazi nyuma ya nyumba, tukakizika. Mnazi ule sasa una mwenyewe, ingawa mwenyewe hana hata jino moja.

Wajapani hawakiziki. Hukikausha, wakakitia kwenye kijisanduku cha mbao, wakakihifadhi miaka na miaka pamoja na vitu vya thamani vya nyumba. Tangu jioni ile nimekuwa nikivifikiria vijisanduku hivyo, kwa kuwa katika mji mmoja wa huko viligeuka ushahidi.

Mji wenyewe ni Minamata, wa wavuvi, kusini mwa Japani. Kiwanda cha kemikali cha Chisso kilimwaga zebaki baharini tangu 1932 hadi 1968. Paka walitangulia: walizunguka kama waliopagawa, wengine wakatumbukia majini. Wakafuata watu, mikono ikitetemeka, macho yakififia, ulimi ukiwa mzito. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi Mei 1956. Lakini walikuwapo pia watoto waliozaliwa hivyo hivyo, ambao samaki hawakuwahi kumwonja. Hao waliandikiwa mtindio wa ubongo, mambo yakaishia hapo, maana tiba ya siku zile iliamini kwamba kondo la nyuma ni ukuta na sumu haiupiti.

Mwaka 1961 daktari kijana, Harada Masazumi, alifika kwenye nyumba moja akakuta ndugu wawili wanacheza, dalili zao zile zile. Mama yao akamweleza kwamba mkubwa ana ugonjwa wa Minamata, mdogo hana. Ana nini basi? Yeye kazaliwa hivyo, hakula samaki, ndivyo wanavyosema madaktari. Ila samaki nilimla mimi, akaongeza, naye alikuwa tumboni mwangu. Mke wa mvuvi alikuwa amekwisha kulijua lile ambalo chuo kikuu kilikuwa bado kinalitafuta. Mwaka uliofuata, baada ya maiti ya mtoto mmoja kuchunguzwa, watoto 16 wakatambuliwa kwamba waliathirika wakiwa tumboni. Baadaye Harada akaanza kuomba vile vijisanduku. Vitovu vilipopimwa zebaki ilikuwamo, nayo ilipanda na kushuka mwaka kwa mwaka kama ulivyopanda na kushuka uzalishaji wa kiwanda.

Kutoka kitovuni hadi kwenye titi ni hatua moja, lakini titi lina hesabu yake. Ubongo wa mtoto anapozaliwa hauna hata nusu kilo; akitimiza mwaka, uzito wake umezidi mara mbili. Ukiondoa maji, zaidi ya nusu ya kinachobaki ni mafuta. Basi mafuta ya kuujenga yanatoka katika maziwa, ambayo kila mililita 100 ina gramu 4 hivi, na yale ya mwisho wa kunyonya ni mazito kuliko ya mwanzo. Tena mama hayapati yote kwenye samaki aliyemla mchana. Mengi huyachota ghalani, yaani kwenye mapaja na makalio, alikoyaweka akiba tangu hata hajajua atazaa.

Hapo ndipo ninaposita. DDT, ile dawa ya kuua wadudu, haipendi maji, hupenda mafuta. Vivyo hivyo PCB, zile kemikali zilizokuwa zikitiwa kwenye transfoma za umeme. Zinapoingia mwilini hukaa ghala lile lile, na mama anapolifungua ili amjengee mwanawe ubongo, mlango ni mmoja tu. Kwa sababu hiyo mtoto wa kwanza hupokea zaidi ya wadogo zake: kila mwezi wa kunyonyesha humpunguzia mama mzigo kwa kumtwisha mtoto. (Zebaki ya Minamata ina tabia nyingine. Hupita kondo la nyuma bila shida, lakini kwenye maziwa huingia kidogo.) Mwaka 1951, DDT ikiwa na miaka michache tu madukani, watafiti wa Marekani walishaikuta kwenye maziwa ya wanawake wa kawaida wa mjini Washington. Nchini Sweden, ambako maziwa ya akina mama yamepimwa kwa miongo mingi, DDT na PCB zilishuka baada ya kupigwa marufuku. Lakini kemikali za kuzuia moto kwenye magodoro na vifaa vya umeme, ambazo hakuna aliyekuwa akizitazama, ziliongezeka maradufu kila miaka mitano kati ya 1972 na 1997. Bunge likiamua, titi linapata habari. Bunge likisinzia, linapata habari pia.

Sisi nasi tumeyakagua maziwa tangu zamani, ila anayekaguliwa ni mwanamke. Mtoto akidhoofu, akichelewa kutembea, neno la kwanza uani ni kwamba kabemendwa: wazazi hawakuvumilia, maziwa yakaharibika. Tunasema wazazi, lakini anayenyooshewa kidole ni mama. Kule Geita wachimbaji wadogo hukamatia dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma ile zebaki ipae, pengine kwenye jiko la uani ambapo ubwabwa utapikwa usiku. Mtoto wa ua ule akichelewa kutembea, nina hakika neno la kwanza litakuwa lile lile. Moshi hautaitwa kikaoni.

Visiwa vya Faroe vina kisa ninachokipenda kwa jinsi kinavyokataa kurahisishwa. Watu wa huko hula nyangumi, na nyangumi ana zebaki na PCB. Mtafiti Philippe Grandjean na wenzake waliwafuatilia watoto waliozaliwa huko 1986 na 1987. Walipofika umri wa miaka 7, wale ambao damu ya kitovu chao ilikuwa na zebaki zaidi walikuwa nyuma kidogo katika lugha, kumbukumbu na umakini. Lakini mwaka 1995 walikuwa wametoa jambo jingine: watoto waliotangulia kukaa, kutambaa na kusimama kwa kushikilia walikuwa na zebaki nyingi zaidi kwenye nywele. Si kwamba zebaki iliwasaidia. Walikuwa wamenyonya kwa muda mrefu zaidi. Ziwa lile lile liliwapa mzigo, likawapa na nguvu za kusimama nao.

Haya yote nilimsimulia shangazi, nikijiona nimesoma. Alinisikiliza hadi mwisho, mtoto kamlaza mapajani.

"Kwa hiyo asinyonyeshe?"

"La, anyonyeshe, shangazi. Wanaoijua kazi hii wote wanasema faida ya maziwa inazidi, hata Shirika la Afya Duniani."

"Basi umetwambia ya nini, na mzazi anasikia?"

Sikuwa na jibu la haraka, na sasa ninalo nusu tu. Pengine nilipaswa kwenda kuyasema kwingine, kwa watu wanaotoa vibali vya viwanda na kuingiza madawa bandarini, nikamwacha mwali anyonyeshe kwa raha zake. Lakini shangazi alikwisha kuondoka pale kimawazo. Amekulia Unguja, na alikuwa na miaka minane hivi walipopita watu wa dawa ya mbu, wakati ule malaria ilipokuwa ikipigwa vita kwa DDT nyumba hadi nyumba. Vitanda vilitolewa nje, vyungu, mikeka, hata kuku wakafukuzwa, na kuta zikabaki na michirizi myeupe. Mbu walipungua kweli, na watoto walikufa wachache, hilo halisemi kwa kulazimishwa. Mama yake alikaa kizingitini akisubiri kuta zikauke, kitinda mimba analia njaa. Dawa ilikuwa imemrukia hadi kifuani. Akashika pembe ya kanga, akalipangusa titi vizuri, pande zote, kisha ndipo akampa.