JE, MCHEZO NAO HUADHIMISHWA?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, nimepokea swali kutoka kwa mzazi mmoja wa hapa Dodoma. Yeye ni mtu wa pwani, aliyehamia huku kwa kazi baada ya mwaka 2016, Serikali ilipoazimia kuutimiza ule uamuzi wa mwaka 1973 wa kuyafanya makao makuu yawe hapa. Asema kijana wake ana wenzake wanne, na kila Jumamosi hukusanyika nyumbani kucheza mchezo uliotoka Marekani. Sasa wataka kufanya karamu ya kuuadhimisha mchezo huo, maana umepita nusu karne. Mzazi auliza: je, yafaa? Na akiwakataza, atakuwa amewaokoa au amewapoteza?

Swali hili si dogo kama linavyoonekana. Basi tuutazame kwanza mchezo wenyewe, kwani si uadilifu kuhukumu jambo usilolijua.

Mchezo huo huitwa Dungeons & Dragons. Ulitolewa mwaka 1974 na watu wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, na mwaka 2024 ukatimiza miaka 50. Wachezaji wake waliadhimisha katika nchi nyingi, hata posta ya Marekani ikatoa stempu. Namna yake ni hii: watu huketi kuizunguka meza, mmoja akawa msimulizi, na kila mmoja katika waliobaki akachukua nafasi ya mtu wa hadithi: huyu shujaa, huyu mganga, huyu mwizi aliyetubu. Msimulizi husema, “Mmefika penye mto, na daraja limevunjika. Mtafanyaje?” Nao hushauriana. Palipo na shaka kama jambo litafaulu au la, hutupa dadu. Hakuna ashindaye peke yake: ama kundi zima huvuka mto, ama kundi zima hubaki ng'ambo.

Msomaji wa pwani atatabasamu hapo. Kwani bibi zetu waliposema “Paukwa!” nasi tukaitikia “Pakawa!”, walitupeleka wapi? Walitupeleka kwa mazimwi na majini na visiwa visivyo na njia. Na hatukumwabudu zimwi hata siku moja. Hadithi ni hadithi, maadamu msikilizaji ajua kuwa ni hadithi.

Tuje sasa kwenye sharia. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wana siku mbili ambazo wakicheza ndani yake tangu zama za ujahili. Akawaambia kuwa Mwenyezi Mungu amewabadilishia kwa siku mbili zilizo bora kuliko hizo, Idi ya Fitri na Idi ya Adh-ha. Katika habari hii mna mafunzo mawili. La kwanza, sikukuu za ibada zimekwisha kuwekwa, wala hapana mtu wa kuongeza nyingine kwa ajili ya mchezo. La pili, Mtume hakuwaambia watu wakae wamenuna. Ni yeye aliyewaacha Wahabeshi wacheze kwa mikuki msikitini siku ya Idi, na Bibi Aisha akitazama nyuma yake. Furaha haikufukuzwa, ilipewa mahali pake.

Basi kukumbuka kuwa jambo fulani limetimiza miaka kadhaa si lazima kuwe ni kulifanya Idi. Sisi hukumbuka Sabasaba, na kila Nanenane watu huenda Nzuguni kutazama mbegu na mifugo, wala hapana aliyesema kuwa ameongeza sikukuu ya dini. Hiyo ni kumbukumbu ya kawaida, nayo hupimwa kwa yaliyomo ndani yake.

Ama michezo yenyewe, wanavyuoni wa madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya pwani yetu, wametuachia kipimo chepesi. Mchezo unaotegemea hesabu na fikra si haramu kwa asili yake, maadamu hauna kamari, hauvunji Sala na hauzai matusi. Ule unaotegemea kubahatisha, kama nardi ya dadu, wengi wao wameuharamisha kwa Hadithi zilizokuja juu yake. Na katika mifano ya ule wa hesabu wameutaja mchezo wa vishimo uitwao mankala, ambao ni ndugu wa bao letu.

Hapa ndipo palipo na shaka katika mchezo wa vijana wale, nayo ni dadu. Wako watakaosema kuwa dadu hapa ni chombo cha hadithi tu, wala hapana fedha mezani. Lakini Muislamu huliacha lenye shaka akashika lisilo na shaka. Nami nawaambia vijana: hadithi yenu haifi kwa kuondoka dadu. Jambo liamuliwe kwa hoja, au kwa kitendawili, au kwa hesabu ya kichwa. Atakayejibu sawasawa, shujaa wake avuke mto.

Nimekwisha kujibu swali la halali na haramu. Lakini ndugu msomaji, liko swali lililo nyuma ya hilo, nalo ndilo zito zaidi: tunapouadhimisha mchezo, twaadhimisha nini hasa?

Mchezo ule wa Marekani una mwenyewe. Ni mali ya kampuni, na kampuni husherehekea miaka 50 ili iuze vitabu na vikombe na fulana. Bao halina mwenyewe. Hapana ajuaye mwaka liliozaliwa, hapana awezaye kulitoza kodi, kwa hiyo hapana wa kulipigia ngoma. Na kijana asiyejua kunamua ataambiwa na nani kuwa amekosa kitu? Tazama jinsi ulimwengu ulivyo: kinachouzwa hukumbukwa, na kilichotolewa bure husahauliwa. Mwenye akili asikubali soko limchagulie cha kukumbuka.

Hata hivyo wale vijana watano hawakupenda vikombe. Walichopenda ni Jumamosi yao, kwamba wako watu wanne wanaowangoja, ambao watauliza wasipokuja. Hilo ndilo wanalotaka kulifanyia karamu, hata kama wenyewe hawajalipatia jina. Na hilo si la Marekani. Hilo ni baraza.

Pwani, nyumba hujengwa na baraza yake nje, mpita njia akaketi bila ya kubisha hodi. Hapa uwanda wa kati, Wagogo walijenga tembe zilizozunguka ua mmoja, na jioni watu na mifugo hukutana humo. Sisi tuliohamia Dodoma tumeacha baraza kule, wala hatukuchukua ua huku. Nenda Kisasa, nenda Ilazo, utaona ukuta na geti, na nyuma ya ukuta kijana na simu yake. Na ndani ya simu mna nini? Mna kubeti, ambako ndiko kamari hasa iliyokatazwa katika Suratul Maida, tena imeingia chumbani bila ya kupita mlangoni. Baba atakayewafukuza vijana watano mezani, kisha akamwacha mmoja peke yake na simu, amefunga dirisha na kuacha mlango wazi.

Wachezaji wa bao wanisikilize hapa. Kete ni 64, nusu yake yako na nusu ya mwenzako, na kila mtu ana safu mbili, ya mbele na ya nyuma. Mtu akimalizikiwa safu ya mbele ameshindwa, hata kama safu ya nyuma imejaa komwe tele. Hazitamfaa kitu. Nami naona nyumba nyingi zetu ni hivyo: nyuma mmejaa friji, televisheni na magunia ya mchele, mbele, mahali pa jirani na mgeni na rafiki wa mtoto, patupu. Nyumba kama hiyo imekwisha fungwa bao, ila wenyewe hawajainuka.

Kwa hiyo jibu langu kwa mzazi yule ni hili. Asiwakatazie mkutano wao. Autengeneze, naye awemo. Na kama wataka kuadhimisha, basi na waadhimishe hivi:

Kwanza, karamu iwe ya chakula cha nyumbani, si ya israfu. Wali na mchuzi na zabibu za Dodoma zatosha. Na sahani moja iende kwa jirani, awe ni Mgogo, Mrangi au Mchagga, awe Muislamu au asiwe.

Pili, awaalike wazee wawili watatu waje na bao lao. Vijana wawasimulie wazee mchezo wao, na wazee wawafunze vijana kunamua. Kila upande uwe mwanafunzi kwa saa moja.

Tatu, hadithi ya siku hiyo itoke hapa hapa. Misafara ya karne ya 19 ilitoka pwani ikapita Ugogo kwenda Tabora na Ujiji, nchi hii ikiwa kavu, na ikitoa hongo kwa watemi ipate njia na maji. Ni hadithi gani ya kubuni iliyo na shida na hekima kushinda hiyo? Na wajifanye wapagazi, waone uzito wa mzigo wa mtu mwingine.

Nne, adhana ikilia, meza iachwe kama ilivyo, na wote wasimame. Mchezo usioweza kungoja Sala umekwisha kuwa bwana.

Tano, kabla ya kuondoka wafanye hesabu. Kila mmoja ajiulize: mchezo huu umenipa nini mwaka huu, na umenichukulia nini? Umenipa rafiki? Umenichukulia masomo? Mtume (s.a.w.) ametufahamisha kuwa afya na faragha ni neema mbili ambazo watu wengi hupata hasara ndani yake.

Hesabu hii ya tano ndiyo roho ya kumbukumbu yote, iwe ya mchezo, ya ndoa au ya mji. Mchezaji hodari wa bao huhesabu kabla ya kutia mkono shimoni. Miaka 50 ya mchezo si kitu mbele ya Mwenyezi Mungu, lakini Jumamosi moja ya mtoto wako ni katika umri wake, na umri ataulizwa, nawe utaulizwa juu yake.

Mwenyezi Mungu azijaze mbele za nyumba zetu watu wema. Amin. Wallahu aalam.