Fungu la Mwanafunzi Maskini

 

Ndugu zetu Waislamu, twapenda kuwakumbusha jambo ambalo wengi hulifanya jepesi, nalo ni fomu ajazayo kijana aombapo msaada wa karo ya chuo kikuu. Tangu mwaka 2023 Serikali ya Kenya huwapima wanafunzi kwa hali ya nyumba zao. Katika daraja tano zilizowekwa mwaka 2024, aliye maskini kabisa hulipiwa 70 kwa mia, hukopeshwa 25, na jamaa zake hulipa 5. Mwenye uwezo zaidi, jamaa zake hulipa 40. Desemba 2024 Mahkama Kuu ilihukumu kuwa mpango huu wakhalifu Katiba, na Serikali ikakata rufaa. Lakini sisi hatusemi juu ya hukumu hiyo, kwani mpango wowote utakaofuata hautakosa kuuliza: ni nani mhitaji?

Mtazameni mkulima wa Nyamache, huko Kisii. Ana shamba dogo la majani chai na nyumba ya mabati, na mpita njia humwona tajiri. Kumbe malipo yake ya mwezi ni machache, na bonasi aitegemeayo huja mara moja kwa mwaka, yapata Oktoba, hali vyuo vimekwisha funguliwa. Huuza ng'ombe wake akanyamaza. Watu namna hii Qurani imewataja katika Sura ya Baqara: asiyewajua huwadhania matajiri kwa vile wanavyojizuia kuomba.

Sasa mwenye duka wa mjini kwetu, akiandika kuwa hana kitu ili mwanawe awekwe daraja la maskini, amechukua fungu la nani? Fedha ni zile zile. Amemnyang'anya mtoto wa Nyamache, au yatima wa mtaa wa pili. Wala tusiseme kuwa yule si wa dini yetu. Haki ya mtu ni haki. Tena amemfundisha mwanawe uwongo siku ya kwanza ya kwenda kutafuta ilimu.

Wako wasemao: "Mkopo wa Serikali una ziada ya 4 kwa mia, nayo ni riba, ndipo tukatafuta cha bure." Twajibu: kuogopa riba ni kwema, lakini haramu haiponywi kwa haramu. Dawa i mikononi mwetu. Mafukara na maskini ndio wa kwanza kutajwa katika wale wanane wapewao zaka. Azhar kwa karne nyingi ililisha wanafunzi kwa mali ya wakfu. Na hapa Mombasa, chuo cha Waislamu kilichoanza kusomesha mwaka 1951, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi, kilijengwa kwa michango ya Sultani wa Unguja, Aga Khan, Mabohora na Serikali ya Kiingereza. Wale walitoa, sisi je?

Basi mwenye uwezo na aandike kweli. Na kila msikiti utenge sehemu ya zaka kwa wanafunzi maskini, wapewe kabla ya vyuo kufunguliwa, kwa siri na bila ya masimango, kwani masimango hubatilisha sadaka.