Imani ya Mfiwa Si Kazi Yetu Kuipima

Msibani wiki hii mzee mmoja alinikera. Baba aliyefiwa na watoto wawili kwa mkupuo alikataa kusimama wakati wa sala, akabaki mkekani, macho chini. Mzee akamnong'oneza jirani yake, mnong'ono wa kusikika hadi barazani, kwamba imani hupimwa kwa majaribu na ya huyu imeshindwa. Watu wakaitikia kwa vichwa. Hasira zilinipanda, na hazijashuka.

Nilimkumbuka Elie Wiesel, Myahudi wa Sighet, mji ambao leo uko Romania. Alikuwa kijana wa dini, wa kusali huku analia. Mwaka 1944, akiwa na miaka 15, alipelekwa na familia yake Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Mama na mdogo wake wa kike wakauawa. Akabaki na baba. Katika kitabu chake, La Nuit, anasimulia kwamba siku ya Yom Kippur, siku ya Wayahudi ya kufunga na kutubu, alikula makusudi, kumwasi Mungu.

Januari 1945 wafungwa wakakimbizwa usiku kwenye theluji. Baadaye rabi mmoja mzee akawa anamtafuta mwanawe. Wiesel akakumbuka: kijana yule alimwona baba yake akibaki nyuma, naye akazidisha mbio. Hapo Wiesel akamwomba Mungu, ambaye hakumwamini tena, amjalie asije akamtenda baba yake vile. Hazikupita siku nyingi, huko Buchenwald, kambi nyingine, baba akiwa hoi kwa kuhara damu alimwita huku akipigwa. Mwana hakusogea. Kulipokucha, kitandani palilala mgonjwa mwingine.

Utaniambia: mbona Ayubu alivumilia? Msome mpaka mwisho. Ayubu aliilaani siku aliyozaliwa, akamdai Mungu majibu. Waliokemewa ni rafiki zake waliomhubiria. Wema wao wote ulikuwa katika zile siku saba walizokaa naye chini, kimya.

Utasema tena: wapo walioshika imani mle mle kambini. Wapo, na wapo waliogawana mkate. Nawaheshimu. Lakini uthabiti wao usigeuzwe fimbo ya kuwachapia wenzao. Kambi zile ziliendeshwa kwa njaa na kipigo hadi mtu amwone mzazi wake kuwa mzigo. Aibu ya mwana asiyeitika ni ya walioziendesha, ingawa ni yeye aliyeibeba maisha yake yote.

Mwaka 1997 Wiesel alichapisha sala ya kumtaka Mungu wapatane. Ilimchukua zaidi ya miaka 50, tena kwa hiari yake. Sisi mfiwa hatumpi hata siku tatu za matanga.

Kama una huruma na yule baba, mpelekee uji. Mlipie kodi ya mwezi huu. Keti naye mkekani. Habari za Mungu, akizitaka, ataanza yeye.