Paka Aliyejificha Yu Katika Dhima ya Nani?

Swali lililoletwa darasani safari hii liliwachekesha baadhi ya waliohudhuria, hata mwenye kuliuliza akatahayari. Nalo ni hili: mtu ameleta nyumbani mtoto wa paka ili awapunguzie panya. Alipomfungulia kikapu, mtoto yule alikwenda mbio akapotea ndani ya nyumba, asionekane wala asisikike. Asubuhi yake watu wa nyumba ile walikuwa na safari ya Malindi, wakale Idd na jamaa zao, wakae siku nne. Je, yajuzu kwao kufunga mlango na kwenda zao, kwa hoja kwamba paka hawakumfungia wao, bali amejificha mwenyewe?

Sisi hatuoni la kuchekwa hapa. Khabari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka kila mmoja wetu ameisikia. Ni Hadithi sahihi, imo katika Bukhari na Muslim, na katika walioipokea ni Ibn Umar na Abu Huraira. Yasomwa mara nyingi, na msikilizaji hutoka nayo akidhani kwamba mwanamke yule alikuwa na roho ya kikatili, naye mwenyewe hana, basi khabari ile haimhusu. Na aitazame tena. Haikusemwa kuwa alimpiga paka wala kwamba alimchukia. Alilaumiwa kwa mambo mawili yaliyokutana pamoja: hakumlisha, wala hakumwacha ende akajitafutie vijidudu vya ardhi. Sasa mwenye kufunga milango na madirisha siku nne, na paka yumo, amebakisha lipi katika mawili hayo?

Watu wa nyumba watasema, “Lakini sisi hatukumwona.” Twajibu kuwa kutomwona si kutojua. Mwajua kuwa aliingia, na hamna dalili kuwa alitoka. Mtu aliyewekewa amana ndani ya sanduku haondokewi na dhima kwa sababu hakulifungua sanduku. Ama wakiwa wametafuta kweli, wakaona dirisha lilikuwa wazi na alama za miguu juu ya vumbi la kizingiti, hapo wana dhana yenye nguvu, na sheria yaikubali dhana kama hiyo katika mengi. Lakini dhana isiwe imezaliwa na haraka ya kuwahi basi. Mtu huweza kuamini upesi sana lile linalompunguzia kazi, na hili kila mmoja alijue katika nafsi yake.

Na kwa nini hajibu akiitwa? Wengine hapa mjini wana jawabu tayari: akiwa mweusi, na amepotea katika chumba kitupu, basi huyo si paka, ni jini, na afadhali asitafutwe. Maneno haya yametesa wanyama wengi, wala hayana haja ya kujibiwa kwa urefu. Mtoto wa paka huzaliwa na macho yamefumba, na hukaa wiki moja au mbili kabla hayajafunguka vyema. Mama yake huenda kutafuta chakula, na mtoto aliyenyamaza mafichoni ndiye asiyeonekana na adui. Sasa ametolewa kwa mama yake na nduguze, akatiwa kikapuni, akafunguliwa mahali ambapo kila harufu ni ngeni. Afanye nini ila lile ambalo Muumba wake ameliweka katika tabia yake? Anyamaze, aingie penye giza na wembamba. Kule si uasi wala ukosefu wa shukrani. (Na wako wanaowatoa kwa mama zao wangali wananyonya, kabla ya wiki nane. Hao wakumbuke khabari ya yule ndege aliyechukuliwa makinda yake, na jinsi Mtume S.A.W. alivyoamrisha arudishiwe.)

Basi na atafutwe, lakini si kwa kelele na fagio. Hutazamwa uvunguni, nyuma ya kabati, baina ya magunia, ndani ya zidaka, nyuma ya friji penye joto, na ndani ya mashine ya kufulia kabla haijawashwa. Akionekana asivutwe mguu. Awekewe maji na chakula karibu, watu waondoke, na aghlabu usiku, nyumba ikitulia, atatoka mwenyewe.

Kuna ndugu aliyesema kuwa Waislamu wana mambo makubwa zaidi ya paka. Ni kweli wanayo. Lakini Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 1262, aliishi katika zama za Matatari na Wasalibu, na hayo hayakumzuia kuandika katika kitabu chake cha kanuni za sheria kwamba wanyama wana haki juu ya binadamu, na kwamba mwenye mnyama amlishe hata akiwa mzee au mgonjwa asiye na faida tena. Na wanavyuoni wa Kishafii, ambao wengi wetu hapa pwani twawafuata, wamelifanya lishe la mnyama kuwa wajibu juu ya mwenye kummiliki.

Jawabu letu basi: asafiri, lakini amwachie jirani ufunguo, aingie kila siku kuweka maji na chakula na kuangalia kama vimepungua. Hakuna jirani wa kuaminiwa? Abaki mmoja katika nyumba. Ama aliyekwisha kufika Malindi na ufunguo u mfukoni mwake, na arudi. Nauli ile ni hasara, hatukatai, na Idd itamharibikia. Lakini nauli yenyewe ni katika masurufu ya paka yule, nayo yalimlazimu tangu siku aliyomtia kikapuni.