Dhamana ya Mwenye Nyumba

Katika miji yetu ya pwani, na hata ya bara, mtu aliyejaliwa kupata fedha iliyozidi matumizi yake, awe mfanyabiashara, mtumishi wa serikali aliyepokea kiinua mgongo, au msafiri aliyerejea kutoka Maskati baada ya miaka mingi ya kazi, shauri la kwanza apewalo na jamaa zake ni kujenga nyumba ya kupangisha. Huambiwa kwamba nyumba haiibiwi wala haifi, na kwamba kodi yake humjia mwenyewe akiwa amelala. Shauri hili lina hekima ndani yake, wala sina nia ya kulidharau. Lakini limebeba ahadi ambayo nyumba haikuitoa, na wengi walioliamini wameishia kumchukia mpangaji, kumlaumu fundi, na mwisho kumnung'unikia Mungu. Kwa hiyo yafaa tujiulize swali lililo chini ya shauri hilo, ambalo ni swali la dini na falsafa kabla ya kuwa swali la hisabu: mwenye nyumba hupokea kodi kwa haki gani? Maana mtu akijua asili ya haki yake, ndipo ajuapo mpaka wa tumaini lake.

Wanazuoni wa sharia ya Kiislamu, ambayo kwa karne nyingi iliongoza mikataba ya watu wa pwani, walilitafakari jambo hili kwa makini. Waliharamisha riba na wakahalalisha ijara, yaani kupangisha mali kwa malipo, ingawa kwa jicho la haraka mambo haya mawili hufanana, kwa kuwa katika yote mwenye mali hupokea ziada kila muda upitapo na mali ikabaki kuwa yake. Tofauti waliyoiona ni dhamana. Mla riba humtwika mkopaji hatari yote. Fedha ikizama baharini au ikiteketea sokoni, deni husimama palepale pamoja na ziada yake. Hali ya mwenye nyumba si hiyo: nyumba ikibomolewa na mvua, hasara ni yake, mpangaji asiyefanya uharibifu wala uzembe hadaiwi kitu, na manufaa ya nyumba yakikatika, kodi nayo hukatika. Ndipo ikawekwa kanuni kwamba faida humfuata abebaye dhamana. Kodi, basi, ni ujira wa mzigo, na kadiri mwenye nyumba aukwepavyo mzigo huo, ndivyo haki yake ya kupokea ipunguavyo.

Mzigo wenyewe huonekana kwa hisabu. Tuseme mtu wa Dar es Salaam ametumia shilingi milioni 120, kiwanja na ujenzi, kwa jengo lenye sehemu sita za chumba na sebule, kila moja ikipangishwa kwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Kwenye karatasi atapata 10,800,000 kwa mwaka, yaani asilimia 9 ya mali yake, na watu wengi huikunja karatasi hapo wakaanza kununua saruji. Lakini sehemu mbili zikikaa tupu miezi mitatu, 900,000 imeondoka. Kodi ya zuio, iliyo asilimia 10 ya pango, huondoa 990,000 katika zile zilizosalia. Na mwenye hadhari akitenga 1,200,000 kwa bati, rangi, mabomba na kunyonya maji machafu, mkononi hubaki 7,710,000. Kwa mwendo huo mali aliyoitoa humrudia kwa muda wa miaka 15 na nusu, ikiwa hakuna kesi, wala ufa katika msingi, wala mpangaji aliyehama usiku na deni lake. Aliyejenga kwa mkopo wa asilimia 15 kwa mwaka atakuta kwamba pato hilo, ambalo halifiki asilimia 7, halitoshi hata kulipia riba yenyewe.

Wazee walioweka nyumba zao wakfu walikuwa na elimu ya jambo hili. Katika kanuni za wakfu, mapato ya nyumba hutangulia kuitengeneza nyumba yenyewe, na kinachosalia ndicho kiendacho kwa msikiti, kwa yatima au kwa kizazi cha mwekaji. Palipofuatwa utaratibu huo, majumba yalidumu. Palipoachwa, tunayaona matokeo yake katika Mji Mkongwe wa Unguja, ambako kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zimeporomoka kwa sababu maji yaliachwa yakaingia darini na kuozesha boriti za mikoko. Anayekula kodi yote anakula nyumba, ila haoni kwa kuwa huila polepole.

Historia nayo imeonyesha kwamba dhamana ya mwenye milki haiishii kwenye paa. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo, Unguja, waligoma kulipa kodi za viwanja, zilizopandishwa na wenye ardhi ilhali vibanda vilivyosimama juu yake vilijengwa na kutunzwa na wakazi wenyewe. Na nafsi za watu, hata zisiposoma fikihi, hutambua kodi isiyo na mzigo nyuma yake. Mwaka 1971 serikali ya Tanzania ilitaifisha majengo ya kupangisha ambayo thamani yake ilizidi shilingi 100,000, na waliokuwa na maghorofa asubuhi wakajikuta jioni hawana. Sisemi kwamba kila hukumu ya namna hiyo ilikuwa ya insafu. Nasema kwamba milki ya binadamu ni ya muda, na tumaini lisilokubali hilo limejengwa juu ya mchanga.

Kwa mizani hii tunaweza pia kuipima desturi ya miji yetu ya kumtaka mpangaji atoe kodi ya miezi sita, au ya mwaka mzima, kabla hajalala usiku mmoja. Mwenye nyumba hujiona amejihami. Kwa kweli amemfanya mtu aliye dhaifu kuliko yeye kuwa mkopeshaji wake, na kumhamishia hatari ambayo kwa sababu yake tu kodi ilihalalika. Kuna atakayeniuliza: kama ni hivyo, nani atajenga? Namjibu kwamba watajenga wale wanaotafuta pato la wastani, la kudumu, lenye kazi ndani yake, linaloacha hifadhi kwa watoto na makazi kwa wasio na uwezo wa kujenga. Na hilo si jambo dogo mbele ya watu wala mbele ya Mola.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujachimba msingi, usijiulize nyumba itakupa nini, bali uko tayari kuibebea nini. Weka fungu la matengenezo kabla ya fungu la matumizi, hesabu miezi mitupu pamoja na miezi iliyojaa, mtendee mpangaji kwa uadilifu, na pato likija kidogo kwa haki, lipokee kwa kinaa. Anayetaka kodi bila dhamana anataka riba, hata kama ameiezeka bati.