Uwanda wa Ganges na Cheo cha Mahali pa Chini

Sisi tuliolelewa kwa visa vya Nabii Musa katika Sinai na vya Mtume katika pango la Hira twadhani, pasipo kutafakari, kwamba nuru humshukia mja akiwa jabalini. Lakini Siddhartha Gautama, yaani Buddha, aliyezaliwa Lumbini chini ya Himalaya, aliipa milima kisogo, akashika njia ya kusini kuelekea uwanda wa Ganges, akapata nuru yake Bodh Gaya, kisha akahubiri kwanza Sarnath, karibu na Varanasi. Na uwanda huo ni nini, ila udongo wa milima ile ile, uliomomonyolewa na mito kwa dahari nyingi, ukawalisha mamilioni ya viumbe? Basi mahali pa chini napo pana cheo na fadhila yake. Mwanachuoni atasema mto hauna nia, na pasipo nia hapana fadhila; hoja nzito, nakiri, ingawa mkulima wa Bihar apandaye mpunga hausaili mto nia yake.