Na Wale Wengine?

Yako maswali ya fasihi ambayo mwalimu huyajibu kwa wepesi kwa kuwa yamekwisha kujibiwa vitabuni, na yako mengine ambayo humkuta mikono mitupu. Mojawapo ya hayo ya pili ni hili: je, ni kosa msomaji kumpenda muuaji? Hatusemi muuaji wa kweli, ambaye sheria ina neno lake juu yake. Twasema yule wa hadithini, aliyeua si mara moja kwa ghadhabu bali mmoja baada ya mwingine, kwa utaratibu, na ambaye mwandishi, baada ya kumpaka damu yote hiyo, amempa pia moyo wa kupenda na mtu wa kumpenda. Wasomaji humkimbilia. Humlilia. Wakifunga kitabu humtakia heri. Sisi tulikuwa tukidhani kwamba hili ni jambo la kuchekwa kidogo na kusamehewa, mpaka tulipokutana nalo ufukoni mwa Ziwa Mweru.

Kwa msomaji asiyepafahamu, Nchelenge ni wilaya ya Mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia. Mto Luapula huingia ziwani kwa upande wa kusini, Luvua hutoka kwa upande wa kaskazini karibu na Pweto, na ng'ambo ya maji ni Kongo. Lugha kubwa ya sokoni ni Kibemba, lakini Kiswahili si mgeni wa jana huko. Livingstone alipofika kwa Mwata Kazembe mwaka 1867, alimkuta mfanyabiashara wa misafara ya pwani, Muhammad bin Saleh, aliyekuwa amekaa huko miaka mingi. Siku hizi Kiswahili huvuka mpaka pamoja na wachuuzi, na mara nyingine, kwa masikitiko, huvuka pamoja na watu wanaokimbia. Desemba 2000, Pweto ilipotekwa katika vita vya Kongo, maelfu waliingia Zambia. Tangu Agosti 2017 wakaja wengine kutoka Katanga ya Juu na Tanganyika, na mwanzoni mwa 2018 yakafunguliwa makazi ya wakimbizi ya Mantapala, ndani ya wilaya hiyo hiyo. (Tangu SADC ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha yake rasmi, Agosti 2019, baadhi ya wenzetu huuliza Zambia kitasemwa na nani. Na wafike soko la Kashikishi.)

Kila mwaka, tangu tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, uvuvi hufungwa ili samaki wapate kuzaana. Nyavu hukunjwa, taa za kuvulia chisense, wale dagaa wadogo wa Mweru, huzimwa, na watu hupata jioni ndefu. Katika msimu mmoja wa namna hiyo tulikuwa tukisoma kwa sauti mbele ya kikao kidogo pale Kashikishi: wavuvi wawili watatu, vijana waliotaka kujifunza Kiswahili sanifu, wachuuzi, na watu wachache waliokuwa wametoka Mantapala. Vijana walitutaka tuwasomee riwaya ya mauaji yenye mapenzi ndani yake. Tulicheka, tukawaambia kwamba tunayo iliyo kongwe kuliko zote, tukafungua Alfu Lela Ulela.

Kisa kinachobeba kitabu hicho chajulikana na kila mwalimu, lakini ni nadra kukitazama sawasawa. Mfalme Shahriyari amfumania mkewe, amwua. Kisha kila usiku aoa msichana, na kulipokucha huamuru auawe. Hufanya hivyo, kwa mujibu wa masimulizi yaliyo maarufu, muda wa miaka mitatu. Wazazi hukimbia na binti zao hata mji karibu uishiwe na wasichana. Hapo ndipo Shahrazadi, binti wa waziri, ajitoapo mwenyewe kuolewa, huku baba yake akimsihi asifanye hivyo. Na usiku, kwa ombi la nduguye Dinarzadi, aanza hadithi asiyoimaliza kabla ya alfajiri. Usiku elfu na mmoja baadaye mfalme amependa, amesamehe, na ngoma zinapigwa mjini.

Ilikuwa jioni ya kwanza, lakini tuliwaeleza pia jinsi mambo yatakavyokwisha, kwa kuwa vijana hawakuwa na subira. Wakagawanyika papo hapo. Msichana mmoja alisema mfalme anastahili kuhurumiwa, maana yeye ndiye aliyeumizwa kwanza. Kijana mmoja akasema hiyo ndiyo raha yenyewe, kwamba mtu mkali namna ile amelainishwa na mwanamke mmoja tu. Yeye angependa kuwa Shahriyari, bila ya mauaji. Mvuvi mzee akanung'unika kwamba mamba hafugwi kwa hadithi. Watu wakacheka. Nasi walimu tulifurahi, maana kikao kilikuwa hai, na mwalimu huona mjadala ukichemka akadhani kazi yake imekwisha.

Ndipo mama mmoja wa makamo, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, aliposema: "Na bale bengine, mwalimu?"

Twaona haya kueleza tulilolifanya. Tulimsahihisha. Tulimwambia kwa upole kwamba katika Kiswahili sanifu husemwa "wale wengine", na kwamba ba- hiyo ni ya Kiswahili cha Katanga. Akaitikia, "Ndiyo, mwalimu," akanyamaza. Mvuvi mzee ndiye aliyetutazama kwa muda mrefu, kisha akalirudia swali kwa ajili yetu: mama anauliza habari za wasichana wale wengine, waliouawa kabla. Nani aliwazika? Majina yao kitabu kinayataja?

Hakiyataji. Tulirudia kurasa zile mara mbili, kwa sauti na kimya, wala hatukulikuta hata jina moja. Wamo kama idadi, tena idadi yenyewe haikutamkwa. Msomaji aachiwa kujihesabia. Miaka mitatu ya usiku baada ya usiku ni zaidi ya wasichana 1,000. Nao usiku wa Shahrazadi ni 1,001. Twakiri kwamba tulikuwa tumekifundisha kitabu hiki kwa miaka mingi bila kuziweka hesabu hizi mbili pamoja: kwamba kwa kila usiku ambao yeye aliuokoa, yuko msichana mmoja, karibu sawasawa, ambaye hakupata wa kumwokoa. Wala hatukuwahi kusimama kwenye yale maneno ya wazazi kukimbia na binti zao. Kwetu lilikuwa pambo la kisa. Chumbani mle lilikuwa habari.

Tangu jioni ile tumelitazama swali letu kwa namna nyingine. Kosa, kama lipo, haliko katika kumpenda muuaji. Moyo wa msomaji huenda unakoitwa, na mwandishi hodari hujua kuuita. Shahriyari alilia, nasi tulilia naye, na hakuna aliyekuwa mwovu kwa machozi hayo. La kuulizwa ni kile alichokiondoa mwandishi ili sisi tuweze kupenda. Mapenzi na maiti haviketi pamoja kwa amani katika sura moja. Lazima kimoja kisogezwe. Msimulizi wa kale aliwasogeza wafu kwa kuwanyima majina. Wa leo wana njia nyingine. Katika riwaya iitwayo Butcher & Blackbird ya Brynne Weaver, iliyotoka mwaka 2023 na kupata wasomaji wengi mno, wapenzi wote wawili ni wauaji wa namna hii hii; lakini wanaowaua ni wauaji wenzao, watu waovu, ili msomaji asiwe na wa kumsikitikia. Ni ufundi mwerevu zaidi, na labda una adabu zaidi, maana angalau mwandishi huyo ameona kwamba wafu ni deni, akatafuta namna ya kulilipa. Hata hivyo njia zote mbili zafika mahali pamoja: twapewa ruhusa ya kutouliza.

Hapa twaona fadhila ya riwaya zetu za upelelezi, ambazo wahakiki wa miaka ya 1970 na 1980 walizidharau kwa kuziita fasihi pendwa, kana kwamba kupendwa ni aibu. Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale, iliyoshinda shindano la uandishi la 1957–58 na kuchapishwa 1960, hakumwacha Bwana Msa na kiko chake aanze na muuaji. Huanza na maiti. Alikuwa nani? Aliishi na nani? Nani alimchukia, na kwa nini? Faraji Katalambulla alipotuletea Simu ya Kifo mwaka 1965 aliifuata njia hiyo ya uchunguzi. Hatudai kwamba vitabu hivi ni vikubwa kuliko Alfu Lela Ulela, si vikubwa. Twasema tu kwamba mpelelezi, kwa kazi yake ilivyo, hulazimika kuuliza swali la yule mama, na mwenye kusimulia mapenzi halazimiki.

Mwenzetu mmoja alipoisoma rasimu ya makala haya alitukaripia. Alisema kwamba hadithi ni hadithi; kwamba mtu akitaka kuwahesabu wafu katika kila ngano hatasoma ngano tena; na kwamba mkimbizi naye ana haki ya kustarehe kama watu wengine, si kugeuzwa kila mara kuwa shahidi. Neno lake la mwisho lilituchoma, maana lina haki ndani yake. Mwingine alikuwa na rai ya kinyume: vitabu vya mauaji na mapenzi visisomwe kabisa mbele ya watu waliopatwa na mauaji. Huyu hatuwezi kumfuata. Twakumbuka Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka 1971 ikapigwa marufuku shuleni kwa kuwa ilisema yaliyokuwa yakitendeka, na baadaye ikaruhusiwa. Katika muda ule wa marufuku wanafunzi waliisoma kwa kujificha, bila mwalimu wa kumwuliza. Na yule mama hakutuomba tufunge kitabu. Alituuliza swali kukihusu, na hiyo ndiyo kazi ambayo sisi tulikuwa tumekwenda kuifundisha.

Jioni iliyofuata tulimwomba radhi mbele ya wote, tukamwambia kwamba tulitafuta na kwamba kitabu hakisemi. Alisikiliza, akasema, "Basi." Hatukuweza kujua basi hiyo ilikuwa ya kutusamehe au ya kukihukumu kitabu. Vijana waliendelea kubishana juu ya mfalme, ila sasa yule msichana aliyekuwa wakili wake alikuwa ameanza kusita. Alitaka kujua kama Shahrazadi, katika usiku wote ule, aliwahi kumwuliza mumewe habari za waliomtangulia. Tukamwambia kwamba hilo nalo halimo.

Machi ilipoingia uvuvi ukafunguliwa, na kikao kikavunjika chenyewe. Asiyekuwa na mtumbwi alikuwa na samaki wa kupaa au kuanika. Siku moja asubuhi tulimkuta mama yule ufukoni, akitandaza chisense juani. Tukamwamkia, tukaketi. Tulikuwa tumejiandaa kurudi kwenye swali lake, tena tulikuwa na mengi ya kusema. Yeye akageuza dagaa wake kwa kiganja, akatuuliza kama tumekwisha kuifikia hadithi ya mvuvi na jini, maana aliambiwa imo mle kitabuni, na yeye hakuisikia.